Kichwa kinauma: ni kipi hicho, na umeze nini?

Swali: Nitajuaje kama ni kichwa cha kawaida au ni kipandauso?

Angalia kinavyouma na kinakuja na nini, usiangalie ukali peke yake. Kile cha stresi na uchovu kinabana kichwa chote, kama umefungwa kitambaa kwa nguvu, shingo inakaza na mabega yanakuwa mazito, ila kazi zako unafanya, unafua, unapanda daladala. Kipandauso ni kitu kingine kabisa: mara nyingi kinashika upande mmoja, kinagonga kufuata mapigo ya moyo, ukipanda ngazi tu kinazidi, unasikia kichefuchefu, mwanga hutaki, kelele hutaki, na usipokitibu kinaenda masaa 4 mpaka siku 3. Wengine kabla hakijaanza wanaona vimulimuli au mistari inayomeremeta, afu nyumbani wanaambiwa wamerogwa au wanadeka. Hawadeki jamani, huu ni ugonjwa unaojulikana na dawa zake zipo.

Swali: Kaka yangu kinamshika nyuma ya jicho usiku, hatulii, anazunguka chumba kizima. Ni kipandauso?

Mwenye kipandauso anataka alale atulie. Huyo wa kuzunguka, jicho moja jekundu linatoa machozi na pua ya upande huohuo inachuruzika, kinauma dakika 15 mpaka masaa 3 afu kinaachia, hiyo ni aina nyingine na panadoli haikifikii. Aende kwa daktari, kuna matibabu ya oksijeni na sindano yake.

Swali: Sasa nimeze nini?

Mtu mzima parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500, usizidi vidonge 8 kwa masaa 24, na soma pakiti ya dawa ya mafua maana nyingi zina parasetamoli humohumo. Kipandauso ukiwahi mapema na ibuprofeni ya miligramu 400 inasaidia, ila mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo na mjamzito asiiguse. Aspirini usimpe mtoto. Kama kipandauso kinakurudia mara kwa mara muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia, mfano propranololi, na kama una pumu mwambie kabisa kwa sababu hiyo haikufai.

Swali: Mimi nameza karibu kila siku na bado kinauma, kwa nini?

Hapa ndo napataka, maana watu wengi wanaumia bila kujua. Ukimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko zenye kafeini au kodeini siku 10 tu, kwa miezi mitatu hivi, dawa yenyewe inaanza kukuletea kichwa, unaamka nacho asubuhi, unameza, kinapoa, kinarudi, unarudi dukani kukatiwa vidonge vinne vingine vya kuweka kwenye pochi. Dawa yake ni kuacha. Siku za mwanzo kitauma zaidi, ujue hivo kabisa, ila baadaye kinapungua, na kama ulikuwa unatumia kodeini au tramadoli usiache mwenyewe, acha ukiwa na daktari. Chukua daftari uandike tarehe, ulilala saa ngapi, ulikula au ulishinda njaa, umemeza nini, na wanawake waandike na siku za hedhi. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka.

Swali: Kichwa si ndo dalili ya malaria, au presha?

Kikija na homa kapime, tone la damu ya kidole na majibu yanatoka ndani ya nusu saa, usinunue dawa mseto kwa kukisia. Presha mara nyingi haiumi popote, inajulikana kwa kipimo tu. Na kama nyumba nzima mmeamka na kichwa na usiku jiko la mkaa lilikuwa ndani, tokeni nje saa hiyohiyo, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua.

Swali: Lini nikimbie hospitali?

Kikilipuka ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuupata. Homa na shingo ngumu. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kutotoka. Kutapika baada ya kuanguka au kugongwa. Umevuka miaka 50 na hiki ni kigeni kwako, au una VVU. Na mjamzito aliyepita wiki 20 akisema kichwa kinamuuma na macho hayaoni vizuri, usimpe panadoli alale, hiyo inaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba, mpelekeni akapimwe presha na mkojo usiku huohuo.