Sokoni China, je, mgeni hupandishiwa bei kila mahali?

Wanafunzi na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofika Guangzhou huambiwa mapema kwamba muuzaji humpandishia mgeni bei popote pale, hivyo kila kitu lazima ukipatane mpaka kifike robo. Imani hiyo ina chanzo: kwenye masoko ya watalii, mikoba na mapambo hutajiwa bei ya juu kweli.

Soko la mboga ni habari nyingine. Mara nyingi bei imeandikwa kwenye kibao na wenyeji hulipa hiyohiyo. Ukizoeleka, utaongezewa majani ya vitunguu, basi. Kinachowachanganya wengi ni kipimo. Bei hutajwa kwa jin, yaani gramu 500, si kwa kilo. Nyanya zilizoandikwa yuan 4 zitakugharimu yuan 8 ukichukua kilo, nawe utadhani umepunjwa. Kwenye maduka ya jumla, kinachoshusha bei zaidi ni ukubwa wa mzigo kuliko ufundi wa maneno.

Kuhakiki si kazi. Tazama aliyekutangulia analipa ngapi. Masoko mengi yana mzani wa umma. Pima tena hapo. Kwa nguo au vifaa vya simu, piga picha uitafute bidhaa kwenye programu ya ununuzi kabla hujataja bei yako.