Je, wajua kwa nini maumivu hupungua daktari akikusikiliza?

Umefika tangu saa moja asubuhi, kadi mkononi. Zamu yako inawadia, unaingia: "Daktari, hili tumbo..." Hujamaliza, kalamu imeshaanza kuandika vipimo.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walifuatilia mazungumzo 74 ya wagonjwa na madaktari, wakakuta kwamba mgonjwa hukatizwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Utetezi tunaujua: foleni ni ndefu, ukimwachia mtu aseme atasema mpaka jioni. Huko Basel, Uswisi, madaktari walijaribu hasa. Waliwaachia wagonjwa 335 waseme mpaka waishie wenyewe, huku wakiwapima muda kwa siri. Wastani ulikuwa sekunde 92. Dakika moja na nusu!

Sawa, lakini kusikilizwa kunapunguzaje maumivu? Jibu liko kichwani, wala simaanishi kwamba mgonjwa anajifanya. Mishipa ya fahamu hupeleka taarifa tu. Ubongo ndio unaoamua paume kiasi gani. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango la kupitishia taarifa hizo, na ubongo unaweza kulibana au kulilegeza. Hofu hulilegeza. Anayekesha akiwaza "isije ikawa kansa" huumwa tumbo lilelile kuliko aliyeelezwa akaelewa.

Mwaka 2008 Ted Kaptchuk na wenzake, Boston, walichapisha utafiti juu ya watu 262 wenye tumbo la kusokota lisiloisha. Waliowekwa kungoja tu, asilimia 28 walisema wamepata nafuu. Waliowekewa sindano bandia za tiba ya Kichina, zisizopenya ngozi, na mtaalamu asiyezungumza nao, asilimia 44. Waliowekewa sindano hizohizo bandia na mtaalamu aliyewauliza habari zao, akawasikiliza, hata akanyamaza sekunde 20 akitafakari: asilimia 62.

Bila shaka kidole tumbo hakiponi kwa mazungumzo. Kisu ni kisu. Ila yapo maumivu ambayo kipimo hakiyaoni, na daktari wa familia hukutana nayo kila siku, mara nyingi mlangoni. Mama amepewa dawa za kichwa, ameshukuru, mkono umeshashika kitasa, ndipo anageuka: "Na usingizi nao, daktari. Tangu baba watoto aondoke, silali."

Mzoefu huiweka kalamu chini. "Pole, mama. Hebu keti kwanza."