Uzamili wa Fizikia: Ninayoyasikia Kila Muhula, na Ukweli Wake

Muhula hufika katikati, na maneno huwa yale yale: "Mwalimu, swali hili nililisoma nikalielewa. Mbona kwenye mtihani limenishinda?" Anayeuliza si mvivu. Mara nyingi ni yule aliyehitimu na daraja la kwanza, aliyekuwa akiwafundisha wenzake bwenini. Nafundisha kozi za uzamili hapa Mombasa na kusimamia tasnifu, na kauli hiyo nimeisikia mpaka nimeona niiandikie. Zipo nyingine nitakazozigusa, lakini hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana ndiyo inayowaangusha vijana wazuri.

Dhana: Nikisoma suluhisho nikalielewa, nimeshalijua

Hujalijua. Umekubaliana nalo tu.

Masuluhisho ya karibu kila zoezi maarufu yako mtandaoni, na siku hizi kuna programu zinazoyaandika kabla chai haijapoa. Mwanafunzi anasoma mstari wa kwanza, anaona wa pili unatokana nao, na wa tatu vilevile, anafika mwisho akiwa ametikisa kichwa njia nzima. Kinachopimwa kwenye uzamili lakini ni ule mstari wa kwanza ulitoka wapi. Kwa nini mwandishi alichagua viwianishi vile, yaani namna ile ya kutaja mahali kitu kilipo kwa namba? Alijuaje kwamba kiasi fulani hakibadiliki? Kipi alikipuuza, na nani alimruhusu? Suluhisho lililochapishwa halionyeshi njia tatu alizozijaribu zikagonga mwamba. Ukimtazama fundi akichonga mlango wa Lamu tangu asubuhi hadi jioni, patasi bado haijaingia mkononi mwako.

Chukua pendulamu, kitu ambacho kila mtu alikipima shule ya upili. Uzi wa mita 1, jiwe mwishoni. Mwanafunzi yeyote atakuambia kwamba mbembeo mmoja, kwenda na kurudi, huchukua takriban sekunde 2, na kwamba haidhuru umelivuta jiwe kiasi gani. Sasa muulize wa uzamili: nikilivuta hadi nyuzi 90, uzi ukalala sambamba na sakafu, kisha nikaliachia, je? Wengi hunijibu sekunde 2 bila kusita. Jibu ni karibu sekunde 2.37, yaani asilimia 18 zaidi.

Fomula ya shule imesimama juu ya hatua moja: mahali pa saini (sin) ya pembe pamewekwa pembe yenyewe. Hatua hiyo inakubalika pembe ikiwa ndogo. Kwenye noti imeandikwa kwa mstari mmoja, na jicho linalosoma suluhisho huuruka mstari huo kila mara.

Aliyekaa na kalamu huanzia kwingine. Nishati haipotei, kwa hiyo anaweza kupata kasi ya jiwe katika kila pembe. Anajumlisha muda wa kila kipande cha njia, na anajikuta mbele ya intigrali isiyofunguka kwa mbinu za kawaida. Hapo ndipo kazi inapoanza. Anaifumua kuwa mfululizo, na kirekebisho cha kwanza kinatoka kuwa mraba wa pembe ugawanywe kwa 16, pembe ikiwa katika radiani. Kwa nyuzi 30 hiyo ni asilimia 1.7, na ukilinganisha na hesabu kamili unaona inatosha kabisa. Kwa nyuzi 90 inatoa asilimia 15 ilhali ukweli ni 18, na sasa anajua kirekebisho chake kinaanza kupwaya wapi. Akiubadilisha uzi kwa fimbo nyepesi na kuipandisha karibu na nyuzi 180, muda unarefuka bila kikomo, kwa kuwa jiwe linakaribia kusimama tuli kule juu. Mfululizo wake wa vipande viwili hauwezi kumwambia hilo. Ile intigrali inaweza.

Yote hayo yametoka kwenye jiwe na uzi. Mekanika ya kwantumu utakayoifanya muhula unaofuata, unapokokotoa nishati za atomu iliyowekwa ndani ya uga wa umeme, ni tabia hiyo hiyo: anza na tatizo unaloliweza, ongeza kirekebisho, kisha ujue kirekebisho kinakufa wapi. Aliyesoma masuluhisho hamsini ya pendulamu hajui hivyo. Aliyelifanya moja mwenyewe, akakwama usiku mzima, anajua.

Ushauri wangu ni ule ule na sichoki kuurudia. Usifungue suluhisho kabla hujalala na swali angalau usiku mmoja. Ukilifungua, lisome, lifunge, na kesho yake lifanye upya kwenye karatasi tupu tangu mwanzo. Pale kalamu itakaposimama ndipo usipopajua, na hapo ndipo pa kuniletea. Kabla hujaniletea, kagua vipimo: kama ulikuwa unatafuta sekunde na jibu lako limetoka mita, hakuna haja ya kupanda matatu kuja ofisini. Kisha tazama ncha: pembe ikiwa sifuri, masi ikiwa kubwa mno, halijoto ikishuka kabisa, je, jibu lako linasema jambo la maana? Simu iwe chumba kingine. Wananuna nikisema hivyo, lakini sijaona mtu aliyefumua intigrali huku akijibu jumbe.

Kundi la kujadiliana ni zuri pia, ila kila mmoja aje na ukurasa wake ulioandikwa. Bila hivyo mmoja anafikiri na wanne wananakili, na mtihani haufanywi kikundi.

Dhana: Mitihani ya miaka iliyopita inatosha

Shahada ya kwanza huenda ilitosha. Kwenye uzamili darasa lina watu wachache, mwalimu anaandika maswali mapya, na mara nyingi anakuuliza lile ambalo hukulimaliza kwenye zoezi la wiki ya tatu.

Dhana: Uzamivu wa ng'ambo ni wa wenye pesa

Wazazi huniuliza kama wauze kiwanja. Kiwanja kisiguswe. Marekani, idara nyingi za fizikia humchukua mwanafunzi wa uzamivu bila kumtoza karo, na humpa posho kwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza au kwa kazi ya maabara. Ukipata barua ya kukubaliwa uzamivu wa fizikia huko isiyotaja ufadhili wowote, usiitie sahihi haraka. Uzamili wa peke yake ni habari nyingine, huo kwa kawaida hulipiwa, na wanaochanganya viwili hivi ndio wanaoumia.

Tena ng'ambo si Marekani peke yake. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam mjini Trieste, Italia, mwaka 1964, ina stashahada ya mwaka mmoja kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea, na wanaochaguliwa hufadhiliwa. Tangu 2018 ipo taasisi dada Kigali, EAIFR, ya utafiti wa fizikia Afrika Mashariki, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, na huko huna haja ya kuruka bahari. Nashangaa kila mwaka ni wangapi hapa Pwani hawajawahi kuisikia.

Dhana: Huwezi kuomba uzamivu bila uzamili

Hapa Kenya ndio utaratibu. Ujerumani pia kwa kawaida wanautaka. Marekani wanachukua mwenye shahada ya kwanza, wanampitisha kwenye kozi kwa takriban miaka miwili na mtihani wa kufuzu, ndipo utafiti unashika kasi. Ule mtihani wa GRE wa fizikia, ambao waombaji wa Marekani walikuwa wakitakiwa kuufanya, idara nyingi zimeacha kuulazimisha, kwa hiyo soma masharti ya kila idara. "Ng'ambo" si nchi moja.

Dhana: Utafiti wa maana haufanyiki huku kwetu

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei inayotoka angani, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nawauliza wanafunzi waliokulia Malindi na Kilifi kuhusu Uhuru, na wengi wananitazama tu. Hilo linaniuma.

Leo kizuizi ni kidogo zaidi. Makala za fizikia zimekuwa zikiwekwa bure kwenye arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, tangu 1991. Data ya mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga-muda) yaliyonaswa na LIGO, mitambo ya Marekani ya kuyanasa, tarehe 14 Septemba 2015 iko wazi kwa kila mtu, na kompyuta ya kawaida inaweza kuichambua. Anayetaka kazi ya maabara yenye mashine za gharama itabidi apange vingine, hilo nalikubali. Lakini mada ya tasnifu huchaguliwa kwa kutazama kilicho mkononi, na kilicho mkononi si kidogo.

Dhana: Mwisho wake ni chaki

Kufundisha ni kazi ya heshima, tena walimu wa fizikia hawatoshi. Ila penye mashine ya kutibu saratani kwa miali pahitaji mwanafizikia wa kukokotoa dozi. Wanaochunguza mawimbi, mikondo na kujaa na kupwa kwa maji wanafanya fizikia, na taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari, KMFRI, makao yake makuu yako hapa hapa Mombasa.

Dhana: Binti hataiweza fizikia

Donna Strickland alipata Nobel ya fizikia mwaka 2018 kwa mbinu ya kutengeneza mipigo mikali ya leza, kazi aliyoichapisha mwaka 1985 akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu. Mzazi anayenijia na dhana hii simpi zaidi ya hilo. Namwomba amwache binti asome.

Dhana: Ukitafuta msimamizi wa uzamivu, waandikie maprofesa mia, mmoja atajibu

Barua inayofaa kwa mia haimfai hata mmoja, na wao huitambua kwenye sentensi ya kwanza. Chagua watano. Soma makala moja ya karibuni ya kila mmoja, hata kama utaelewa theluthi yake. Taja mlinganyo au grafu iliyokukwamisha na uulize swali moja la kweli kuihusu. Ambatisha orodha ya kozi ulizofanya pamoja na alama, hata zile mbaya. Barua isizidi nusu ukurasa, na jina la profesa liandike kama anavyoliandika yeye.