Je, wajua Tab unayobonyeza kwenye HTML huenda wapi?

Andika aya ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, hivi: <p>, neno Jina, bonyeza Tab mara tatu, neno Umri, kisha </p>. Ifungue kwenye kivinjari. Kati ya maneno hayo mawili utaona nafasi moja tu, na jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba HTML imezitupa zile Tab. Haijazitupa. Dhana hiyo ndiyo inayowapeleka watu kutafuta dawa mahali pasipo na ugonjwa.

Kuthibitisha ni rahisi. Bofya aya hiyo kwenye zana za wasanidi za kivinjari, nenda kwenye konsoli, uandike $0.textContent.length ($0 ni ile aya uliyoibofya). Jibu ni 11: herufi nne za Jina, Tab tatu, herufi nne za Umri. Sasa andika $0.innerText.length, inayohesabu maandishi jinsi yanavyoonekana: ni 9. Tab zote tatu zimo ndani ya ukurasa. Zimebanwa wakati wa kuchora tu. Anayezibana ni CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, kupitia sifa yake ya white-space, ambayo usipoigusa huwa normal: kila Tab hugeuzwa nafasi, na nafasi zinazofuatana hubaki moja. Mstari mpya nao kwa kawaida huwa nafasi, ingawa kwa Kichina na Kijapani, zisizotenga maneno kwa nafasi, kanuni zimeachia kila kivinjari kiamue.

Ndiyo maana kuandika &#9; au &Tab; hakusaidii. Hayo ni majina mengine ya herufi ileile, yenye namba ya Unicode U+0009. Kivinjari kikishayasoma huyageuza kuwa Tab ya kawaida, na CSS inapofika haina namna ya kujua iliandikwaje. &nbsp; inafanya kazi kwa sababu ni herufi nyingine kabisa, U+00A0, ambayo CSS haiibani. Lakini ina gharama: huzuia mstari usikatike mahali hapo, na mtu akinakili msimbo wa lugha ya programu ya Python wenye herufi hiyo, Python huukataa.

Dawa iko upande wa CSS. white-space: pre huhifadhi kila kitu, na ndiyo kawaida ya <pre>, tagi ya HTML ya maandishi yanayoonyeshwa jinsi yalivyoandikwa; pre-wrap hufanya vivyo hivyo lakini huruhusu mistari mirefu ijikunje. Jihadhari na pre-line: huhifadhi mistari mipya, ila Tab bado inazibana. Na kuna jambo moja ambalo kwa kweli HTML hulitupa: mstari mpya unaokuja mara tu baada ya <pre>.

Tab zikishaonekana, swali linakuwa upana wake, na hapa ndipo penye uhondo. Tab haina upana wake yenyewe. Ifikirie kama abiria anayemwambia dereva wa basi, "Nishushe kituo kinachofuata." Safari yake huwa ndefu au fupi kulingana na mahali alipopandia. Vituo hupangwa kuanzia ukingo wa kisanduku cha maandishi, kila baada ya nafasi 8 usipobadilisha. Chukua orodha ambayo kila mstari una kazi ya mtu, Tab moja, kisha umri wake. Neno Mwalimu lina herufi 7, kwa hiyo Tab inayolifuata husogea nafasi moja tu hadi kituo cha 8. Mhandisi lina herufi 8; limeishia kituoni hasa, basi Tab yake husafiri nafasi 8 nzima hadi cha 16. Matokeo yake, umri wa mwalimu na wa mhandisi hauangukii safu moja, japo kila mmoja amewekewa Tab moja. Andika kwenye CSS tab-size: 16, yaani kituo kila baada ya nafasi 16, na wote wawili watashukia 16, hata Mwanafunzi mwenye herufi 10.

Hesabu hiyo hushika kwenye fonti ya herufi zenye upana sawa, kama ile ya <pre>. Kwenye fonti nyingine, vituo hupimwa kwa upana wa nafasi lakini herufi i na m hazilingani, kwa hiyo kuhesabu herufi hakutoshi. Zaidi ya hapo, kituo kikiwa karibu mno, chini ya nusu ya upana wa tarakimu 0, Tab hukiruka na kwenda kinachofuata.

Kwa orodha ya majina na umri, hata hivyo, tumia <table>. Programu zinazowasomea wasioona huweza kutaja safu na mstari wa jedwali. Tab haiziambii chochote.