Vidole nje, vidole ndani: dhana potofu kuhusu shavu la mguu

"Vidole nje upate shavu la ndani, vidole ndani upate la nje." Ingia gym yoyote Malindi uanze kuinua visigino ili ukuze shavu la mguu, hukosi mtu wa kukupa somo hili bila kuombwa. Goti la anayelifuata ndilo hulipa.

Kinachoudhi ni kwamba si uongo mtupu. Gastroknemio, msuli wa juu unaolipa shavu umbo lake, ina vichwa viwili, na ukielekeza nyayo nje au ndani, mgao wa kazi kati yao hubadilika. Utafiti wa Brazil wa 2020 uliwafanyisha vijana zoezi hili kwa wiki 9: waliogeuza nje walikuza zaidi kichwa cha ndani, waliogeuza ndani wakakuza cha nje. Lakini vichwa vyote viwili vilikua, maana vyote huvuta kano moja, ya kisigino. Huwezi kukilaza kimoja ukaamsha kingine.

Balaa liko kwenye jinsi watu wanavyogeuza. Vidole vimetazama ukuta wa pembeni, goti limetazama mbele, kilo zinaongezwa! Mgeuko wa haki hutoka kwenye nyonga: paja, goti na kidole cha pili vielekee njia moja. Ukigeuza unyayo peke yake, unausokota muundi chini ya goti lililobeba mzigo. Nje, digrii 20 hadi 30 zatosha. Ndani punguza zaidi, nyonga nyingi hazina nafasi hiyo.

Na hata aliyegeuza vizuri huharibu akifika juu. Kisigino kikipanda, uzito hukimbilia kidole cha mwisho, kifundo kinalala nje. Weka sarafu chini ya kifundo cha dole gumba, pale linapoanzia, uigandamize tangu chini hadi juu. Sarafu ikibaki huru, umeshaanguka nje. Fanya peku. Patipati laini hubonyea upande mmoja na kukudanganya.

Kabla hujashughulika na pembe, fanya hivi kwa nyayo zinazotazama mbele. Ngazi za mawe za nyumba za Amu zafaa kuliko mashine nyingi. Simama kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa kidato, sehemu ya mbele ya unyayo tu, mkono mmoja ukutani, goti limenyooka. Shusha kisigino chini ya kidato kwa sekunde 3, tulia hapo 2, panda, tulia 1. Ukifikisha 15 kwa seti 3 bila kuchezacheza, shika jerikeni la maji kwa mkono wa pili: lita 10 kwanza, halafu 20. Mara mbili kwa wiki.

"Kukaa au kusimama ni mamoja." Si mamoja. Gastroknemio huvuka goti. Goti likikunjwa msuli huo hulegea, soleo, msuli ulio chini yake, inabaki na kazi. Japan, 2023, wiki 12 za mazoezi: waliosimama walikuza gastroknemio kwa takriban asilimia 9 hadi 12, waliokaa hawakufika hata 2. Soleo ilikua karibu sawa kwa wote.

"Kurukaruka haraka kunachoma zaidi." Kuchoma kunachoma. Ila kano hufanya kazi ya springi, nawe unadhani ni msuli.

"Nikijitahidi shavu litashuka mpaka karibu na kisigino." Msuli unapoishia na kano inapoanzia ni maumbile yako. Unaweza kunenepesha, huwezi kurefusha.

"Kutembea mchangani Shela kunatosha." Kunachosha, kweli: kisigino huzama, shavu husukuma zaidi. Lakini uzito ni uleule wa mwili wako, na mwili huzoea upesi. Ufuo nao una mteremko, mguu wa upande wa bahari huwa chini kila hatua, basi rudi kwa njia uliyoendea, usipande boda ya kurudi. Asiyezoea aanze dakika 15 maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu wa chini. Ule laini wa juu huivuta kano ya kisigino mpaka asubuhi yake unashuka kitandani unachechemea.