Nguvu si ya risasi: maana ya uzito wa risasi katika bunduki ya upepo

Uzito wa risasi ya bunduki ya upepo ni uzani wa kipande kimoja kabla hakijaingia mtutuni. Hupimwa kwa greini, kipimo cha zamani cha Waingereza ambacho kimoja chake ni takriban gramu 0.065. Kalibu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu yenyewe ni kipenyo: milimita 4.5 kwa bunduki zinazoandikwa 0.177, na milimita 5.5 kwa zile za 0.22. Risasi nyingi za 4.5 zina greini 7 hadi 10, na za 5.5 zina greini 14 hadi 18.

Linalochosha masikio ni lile ombi la dukani: “Nipe zile zenye nguvu.” Chanzo chake kinaeleweka. Hapa Uganda Kiswahili cha bunduki kimetoka kambini, tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza hapa Afrika Mashariki, na huko kambini risasi ni ganda lililoshindiliwa baruti. Kwa hiyo askari akisema kwamba risasi hii ina nguvu kuliko ile, hajakosea, maana nguvu imo ndani ya ganda lenyewe. Risasi ya bunduki ya upepo haina ganda wala baruti. Iweke kiganjani uitazame: ina kichwa mbele, kiuno kilichobinywa katikati, na nyuma ina sketi nyembamba iliyo wazi, ambayo hewa ikiisukuma hutanuka na kubana kuta za mtutu ili hewa isivuje. Haina kitu kingine ndani yake. Katika bunduki ya upepo ya springi, ndiyo ninayoizungumzia hapa, nguvu yote imo katika springi, na kiasi chake kiliamuliwa kiwandani.

Mlengaji anapokunja mtutu ili kushindilia, springi hubanwa nyuma ya pistoni. Akifyatua, pistoni hukimbia mbele na kuikandamiza hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo hupenya kitundu chembamba hadi kwenye sketi ya risasi. Tuseme bunduki hiyo inatoa jouli 15, jouli ikiwa ndicho kipimo cha hiyo nguvu. Kwa hesabu, risasi ya greini 8.4 itatoka kwa kasi ya karibu mita 235 kwa sekunde, ya greini 10.5 itatoka kwa mita 210, na ile nyepesi ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, yenye greini 5 itatoka kwa mita 304. Kasi zimetofautiana sana, lakini jouli ni zilezile 15. Katika bunduki halisi hata huo usawa haupo, kwa sababu kila springi ina uzito inaoupenda, na ukiuacha, juu au chini, jouli hupungua.

Ndiyo maana namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi la bunduki, kwa mfano futi 1,200 kwa sekunde, haipaswi kumtia mtu wazimu. Kasi ya namna hiyo hupatikana kwa risasi nyepesi mno, nayo ni karibu mita 366 kwa sekunde, zaidi ya kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340. Na risasi yenye umbo hili ikikaribia kasi ya sauti huyumba, ikapiga mlio mkali na kutua pasipotarajiwa. Tena risasi nyepesi hupoteza mwendo upesi. Mkono uleule ukirusha gunzi, kisha ukarusha jiwe la ukubwa uohuo, gunzi ndilo litakalochoka mapema.

Hasara kubwa zaidi iko ndani ya bunduki. Hewa iliyokandamizwa nyuma ya risasi ndiyo mto wa pistoni, na risasi nyepesi kupita kiasi hutoka kabla mto huo haujajaa, hivyo pistoni hugonga mwisho wa silinda kwa kishindo, jambo ambalo halitofautiani sana na kufyatua bunduki tupu, na sili, ile inayozuia hewa isivuje kando ya pistoni, pamoja na springi huchakaa. Risasi nzito kupita kiasi nayo huchelewa kuondoka, pistoni ikadunda kurudi nyuma, nguvu ikapotea, na risasi ikaenda kwa upinde mrefu unaomlazimu mlengaji kukisia umbali. Kwa springi ya kawaida, uzito wa kati ndio salama.

Kuhusu umbo sina mengi: kichwa bapa hutoboa karatasi tundu safi, ndiyo sababu hutumika katika mashindano ya mita 10, na kichwa cha mviringo huhifadhi mwendo vizuri zaidi kwa mbali. Kinachostahili subira ni kipimo cha kichwa kilichoandikwa kwenye kopo, kama 4.50, 4.51 au 4.52, kwa kuwa bunduki mbili za aina moja zinaweza kupenda risasi tofauti, na hilo hujulikana kwa kupiga tano tano kwenye karatasi kutoka kila kopo, bunduki ikiwa imeegemezwa vilevile kila mara.

Basi ndugu mnunuzi, ukisharuhusiwa na polisi kuwa na bunduki hiyo, usiombe zenye nguvu. Taja kalibu, kisha uombe makopo mawili matatu ya uzito wa kati, greini 8 hivi kwa 4.5 au 14 hadi 16 kwa 5.5, na ukimaliza kuzijaribu unawe mikono kabla ya kula, maana nyingi ni za madini ya risasi, ambayo ni sumu.