Redio haikuyaua matamasha ya Proms

Wengi hudhani redio ni adui wa ukumbi: ukisikiliza bure nyumbani, tiketi utanunua ya nini? Kwa Proms za London mambo yalikwenda kinyume kabisa. Matamasha haya ya muziki wa klasiki yalianza 1895 katika Queen's Hall, Henry Wood akiongoza okestra, na BBC haikuwa hata imezaliwa. Mwaka 1927 kampuni ya Chappell, iliyokuwa ikiyagharimia, ilijitoa. BBC ikayachukua na kuyarusha hewani. Nadhani bila redio yangezikwa hapo hapo. Mabomu ya Wajerumani yalipoteketeza ukumbi 1941, matamasha yakahamia Royal Albert Hall. Leo kila tamasha hurushwa mubashara na Radio 3, idhaa ya BBC, na mamia bado hununua tiketi za kusimama. Hata kukohoa kwao husikika redioni.